Tunaomba Mahali

Kamikazi aliisimamisha katuni mbele ya darasa ili wanafunzi waone jinsi mkono unavyopanda, na papo hapo akaona picha ambayo hakuichora yeye.

Lilikuwa somo la kwanza kwa wanaoanza. Alikuwa amekwisha kuwaeleza yale anayomweleza kila mtu anayeketi kwenye viti vile vya plastiki, kwamba katuni ya kwenye tovuti ni kiinimacho. Humchori mtu akiinua mkono. Unaweka picha moja mkono ukiwa chini, unaweka nyingine mkono ukiwa juu, unaiambia kompyuta muda wa kupita kati ya hizo mbili, na yote yaliyo katikati inayajaza yenyewe. Ukitaka mtu arudie kitendo bila kuchoka, unabonyeza alama ya kurudia, naye ataendelea kukaribisha wageni mpaka umeme wa dunia uishe.

Katuni yenyewe ilikuwa ya msichana aliyevaa mushanana, ile nguo ya sherehe inayofungwa begani, anayeinua mkono wa kulia na kutabasamu. Ndiyo iliyokuwa inawapokea watu kwenye tovuti ya studio ya video alikofanya kazi na kufundisha. Kamikazi aliichora juu ya video ya mdogo wake, Daphrose, mstari kwa mstari, mpaka macho yakamuuma. Picha ya kwanza msichana anatazama mbele. Ya mwisho anatazama mbele. Lakini pale katikati alipoisimamisha, msichana alikuwa amegeuka. Aliwapa mgongo, shingo imeinama kidogo, kama mtu aliyeitwa na aliye nyuma yake na sasa anasikiliza.

Winifred, mama mmoja wa makamo aliyekuja kujifunza ili atangaze keki zake, aliuliza hizo picha za katikati hujazwa na nani. Kamikazi akajibu kwamba ni kompyuta.

"Sawa, mwalimu," alisema Winifred. "Lakini hiyo kompyuta imejuaje mgongo wake uko namna gani?"

Kamikazi alicheka kidogo, akasema ni hitilafu, akaendelea na somo. Ila chumba kilikuwa kinanuka udi, udi mkali wa harusini, na madirisha yalikuwa yamefungwa tangu asubuhi kwa sababu ya vumbi la kichochoro.

Hakuogopa. Alikasirika, maana alikuwa mwepesi wa hasira kuliko wa hofu, na mtu wa kumkasirikia alikuwepo tayari. Aliitwa Régis, mwenye studio. Régis alikuwa mmoja wa wale wanaoijua kazi kwa mdomo. Hakujua kukata video, hakujua kuweka sauti, na kompyuta ikigoma aliipiga kofi, lakini chini ya kila kitu alichotengeneza Kamikazi paliandikwa jina la Régis kwa herufi nene. Mteja akisifu, Régis anapokea. Mteja akilalamika, Régis anamwita Kamikazi. Kwa hiyo Kamikazi aliamini kwamba mtu huyu ameichezea kazi yake tena, akaenda kumwuliza, na Régis akaapa hajagusa kitu, akamwambia aache maneno, katuni inapendwa, watu wanamiminika, anataka nini zaidi.

Na kweli walimiminika. Tangu wahamie kwenye nyumba ile ya Biryogo, Kigali, nyuma ya msikiti, katikati ya mafundi cherehani na wauza chapati, mambo yalinyooka kwa namna isiyoeleweka. Maharusi walikuja kutoka mpaka Kanombe, vijana walijaza darasa, na umeme ukikatika kichochoro kizima, chumba chao cha nyuma kilibaki na mwanga. Siku chache baada ya kuhamia walikuta kizingitini vitenge vipya vimekunjwa vizuri, na juu yake bangili nyembamba ya fedha. Hakuna aliyejua nani kaviacha. Régis alisema ni mteja mwenye shukrani, akavitia vitenge kabatini, na bangili akampa Daphrose kwa kuwa ndiye aliyekuwa kwenye video.

Sasa, huyo Daphrose hakuwa mfanyakazi wa pale. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa anayesoma, anakaa na dada yake Kicukiro, mama yao amebaki Bujumbura walikozaliwa wote wawili. Siku ya kuhama, Kamikazi alikwenda mjini kununua nyaya, akamwacha mdogo wake apange viti. Kurudi, akakuta Régis ameshamvisha mushanana ya kuazima na kumpiga video ya kukaribisha wateja, bila kumwuliza yeye, bila kumwuliza mama, kana kwamba msichana ni pambo lililokuja na nyumba. Kamikazi aliimeza hasira ile kwa sababu aliihitaji kazi. Haikushuka mbali, ilimkaa palepale kooni.

Jioni ya siku ya somo walikuwa wanakunywa chai nyumbani. Daphrose aliinua kikombe, akakifikisha karibu na mdomo, akakirudisha. Akakiinua tena, akakirudisha. Kamikazi alikuwa anasimulia ujinga wa Régis na hakuona mara moja. Alikuja kushtuka kwamba mdogo wake anatabasamu pasipo na cha kuchekesha, na kwamba kikombe kinapanda na kushuka kwa mwendo uleule, kinaondoka taratibu, kinakwenda, kinafika taratibu, vilevile anavyowafundisha wanafunzi kuulainisha mwendo ili usionekane wa mashine. Alimwita. Alimshika bega, na bega lilikuwa la baridi. Mwishowe Daphrose akanywa chai yake, ikiwa imeshapoa, akauliza kwa nini dada anamtazama hivyo.

Mwenyewe hakujua kwamba kuna muda uliopita.

Ikawa hivyo kila siku, na kila siku kwa muda mrefu zaidi. Alichana nywele sehemu moja mpaka ngozi ikachubuka. Alifungua mlango na kuufunga, akaufungua na kuufunga, huku jirani amesimama nje na sahani aliyokuja kuirudisha. Daktari alisema ni uchovu wa mitihani. Padri alikuja kuwaombea, na akiwa bado anaomba Daphrose akaanza kuinua mkono wa kulia, taratibu, akimtabasamia mtu aliyekuwa nyuma ya padri. Bangili, ambayo mwanzoni ilikuwa inacheza mkononi, sasa ilibana, na wala sabuni wala mafuta hayakuitoa.

Mchana mmoja alizinduka ghafla akamshika dada yake mkono.

"Dada, ukiniona nimesimama hapa narudiarudia, mimi siko hapa," alinong'ona.

"Uko wapi?"

"Kwao. Wananishonea nguo." Alitazama ukuta kama mtu anayeogopa kusikiwa. "Ni watu wengi. Wanasema nikimaliza kuvaa sirudi tena."

Kamikazi alirudi studio, na kilichomsukuma bado kilikuwa hasira zaidi ya hofu. Kila kitu kilianza na ile video ya Régis, basi angeifungua. Kuna jambo ambalo wanaoanza kuhariri hawalielewi mpaka uwaonyeshe kwa kidole: ukikata kipande cha video hakijaondoka. Kimefichwa tu. Shika ukingo wa kipande, uvute kushoto, na yote uliyoyakata yanarudi. Mwanzo wa video ile yeye mwenyewe aliukata bila kuusikiliza, kwa kuwa ulikuwa porojo za Régis kabla ya kazi. Sasa aliushika ukingo, akauvuta.

Daphrose alitokea kwenye kioo cha kompyuta akirekebisha mushanana begani, amesimama akingoja. Sauti ya Régis ikasikika nyuma ya kamera. "Yure bibi anasema nyumba iko na mwenyewe, eti tumuombe ruhusa. Bon, tumuombe." Alicheka. Halafu akaikaza sauti kama mshereheshaji wa harusi. "Ewe mwenye nyumba, tunaomba mahari. Umesikia? Tunaomba mahari."

Kamikazi aliirudisha nyuma akaisikiliza tena. Siku ile ya kuhama, mwenye nyumba, Bibi Zayinabu, alikuwa amewasimamisha mlangoni na kuwaambia kwamba chumba cha nyuma kina wenyewe, na kabla hawajawasha vitu vyao wawaombe mahali. Semeni tunaomba mahali, basi, mtakaa kwa amani. Mahali pa kukaa, ndicho walichotakiwa kuomba. Régis aliomba mahari. Hakukusudia. Alisema kama anavyosema siku zote, kama wasemavyo watu wengi wa Kigali ambao ulimi wao wa Kinyarwanda haujali ipi ni ipi, chakura, kurara, rakini, na hakuna anayepata shida, kwa sababu binadamu anamwelewa mwenzake anataka kusema nini. Lakini aliyekuwa anasikiliza hakuwa binadamu, na mbele yake alisimama msichana aliyevaa nguo ya sherehe.

Baada ya maneno hayo ya Régis palikuwa na kimya. Hata hivyo ule mstari wa sauti chini ya kioo, ambao kwenye kimya hulala bapa, ulikuwa umeinuka kidogo. Kamikazi akaongeza sauti, akaongeza tena, akavaa visikilizio, na nje mvua ikawa inapiga mabati na cherehani za majirani zikawa zimenyamaza zote, na kwanza akasikia kitambaa kinakunjuliwa, kitambaa kirefu kisichokwisha, kinakunjuliwa na mikono mingi, kisha bangili zinagongana, kisha watu wengi wanavuta pumzi kwa pamoja karibu sana na kinasa sauti, karibu kuliko alipokuwa amesimama Régis, na ndani ya pumzi ile sauti ya mzee, tulivu, yenye Kiswahili safi cha zamani, ikasema, "Tumekubali. Tutaleta." Na kwenye kioo Daphrose akageuza kichwa nyuma, polepole, akitafuta aliyesema.

Bibi Zayinabu alikuwa anakaa vyumba vya mbele vya nyumba ileile, mwanamke mkavu wa maneno anayechagua mchele kama anaugombeza. Kamikazi alimwekea simu sikioni, akamsikilizisha sauti ile. Bibi alisukuma sinia pembeni.

"Ameomba mahari," alisema. "Na binti mmemsimamisha mbele yao kapambwa. Ungekuwa wewe ungeelewa nini?"

Kamikazi alimuuliza kwa ukali inakuwaje mtu anapangisha nyumba yenye viumbe kama hao. Bibi naye akamjibu kwa ukali uleule kwamba walikuwepo kabla baba yake hajainunua, na hawajamgusa mtu anayesema nao vizuri. Wanaoumia ni wenye midomo ya mzaha. Waligombana hivyo kwa muda, wote wawili wakiwa na haki kidogo, mpaka Bibi akachoka akamweleza la kufanya. Walicholetewa kirudishwe, palepale kilipoombwa, mbele ya kamera ileile. Na maneno yasemwe na aliyekosea, au na mtu aliyekuwepo akalisikia kosa kwa masikio yake. Daphrose ndiye pekee aliyekuwepo, na sasa hajiwezi. Basi ni Régis.

"Atasema hivi," alisema Bibi. "Vitu vyenu hivi hapa. Msichana ni wetu. Tunaomba mahali tu. Na hilo la mwisho limkae mdomoni kwanza. Akilikosea tena, ajue pale mbele amesimama yeye."

Régis aliposikia alicheka mpaka akakohoa. Alipoambiwa kwamba katuni nayo itafutwa, maana wateja nao waliletwa na haohao, aliacha kucheka akaanza kufoka. Mambo ya majini ni ya washamba, alisema. Kamikazi anamwonea wivu, alisema. Daphrose apelekwe hospitali. Kamikazi aliketi, akaifuta katuni mbele ya macho ya Régis, na kabla hajaondoa mkono kwenye kipanya katuni ilikuwa imerudi, msichana anainua mkono, anatabasamu. Régis aliitazama, akameza mate, akasema mtandao una matatizo siku hizi. Kilichomlegeza hakikuwa jini. Bibi Zayinabu alikuja akasimama mlangoni, akamwambia achague kati ya kusema maneno matatu na kuhama nyumba yake, na hapo Régis akasema, haya, nifundisheni.

"Mahali," alisema Kamikazi.

"Mahari," alisema Régis.

"Li. Ulimi nyuma ya meno ya juu, uache pale."

"Nimesema hivyo hivyo. Mahari."

Na hakuwa anafanya ubishi. Alikuwa hasikii tofauti, na Kamikazi, aliyekulia Buyenzi kule Bujumbura ambako Kiswahili ni cha kuamkia na kulalia, hakuweza kuamini kwamba mtu mzima asisikie. Alimkariria siku baada ya siku. Kila siku Régis alikuja amechelewa, akijaribu mara mbili tatu huku akitazama simu, na akisahihishwa anavimba.

"Weye ndiyo unanifundisha Kiswahiri?" alimwambia siku ya mwisho. "Yewe, usisahau nani ni bosi hapa. Neno niko naro."

Asubuhi hiyo Daphrose alikuwa amesimama dirishani tangu alfajiri, mkono unapanda, mkono unashuka, mpaka jua likawa utosini, na Kamikazi alipomsogelea aliona kwamba midomo imepakwa rangi ambayo nyumbani kwao haipo. Hakukuwa na muda tena. Bibi Zayinabu aliuliza kama neno limemkaa yule bwana.

"Limemkaa," alisema Kamikazi.

Ulikuwa uongo, na aliusema akijua.

Wakachagua Jumamosi ya umuganda, asubuhi ambayo watu wote wako kwenye kazi ya pamoja na majembe yao na maduka yamefungwa, ili pasiwe na mteja wala mpita njia. Daphrose walimketisha chumbani kwa Bibi. Kamikazi aliiweka kamera ilipokuwa siku ile, akavitandika vitenge sakafuni, akatoka, akakaa ukumbini mbele ya kompyuta inayoonyesha kinachopigwa na kamera. Régis aliingia peke yake, amevaa shati jeupe, akiwa bado na kicheko mdomoni. Mlango ukafungwa, na hakuna aliyeufunga.

"Vitu vyenu hivi hapa," alisema Régis, na harufu ya udi ikapita chini ya mlango kama maji yaliyomwagika, na vitenge vikaanza kujikunja pale sakafuni, upande mmoja, kisha upande wa pili, kwa ustadi wa mwanamke aliyefanya hivyo maisha yake yote. Kicheko kikamtoka Régis usoni. "Msichana ni wetu," alisema, sauti imekauka, na kutoka chumba cha mbele kikasikika kitu chembamba cha chuma kinaanguka kwenye saruji na kubingirika, kikifuatiwa na kikohozi cha Daphrose, na Daphrose akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe.

Kamikazi angeweza kupiga kelele hapo. Angeweza kusema inatosha, toka, usimalizie, na mlango ulikuwa wa mbao nyepesi, angesikiwa. Alikuwa na nafasi ya kutosha, na mdogo wake ameshapona. Lakini aliikumbuka mushanana ya kuazima, akalikumbuka lile jina la herufi nene, akaubana mdomo na kukaa kimya, akimtazama Régis kwenye kioo anavyokusanya pumzi, anavyojiweka sawa, anavyotazama kamera kwa fahari ya mtu anayejua kwamba amefaulu.

"Tunaomba mahari tu."

Pumzi nyingi zikavutwa kwa pamoja. "Tumekubali," ilisema ile sauti ya mzee. "Tutaleta."

Régis aligeuza kichwa nyuma. Kisha akatazama mbele, akatabasamu, na mkono wake wa kulia ukaanza kuinuka, ukiondoka taratibu, ukifika taratibu. Ulipanda na kushuka mara kadhaa, na katikati ya kupanda chumba kikawa kitupu.

Ndugu zake walimtafuta, na polisi walikuja wakaangalia video ile wakaona mtu anaingia chumbani na picha inakatika. Kwenye tovuti msichana hakuwepo tena. Alikuwepo mwanamume wa shati jeupe anayekaribisha wageni, na watu walisema ni katuni nzuri kuliko ile ya kwanza. Siku iliyofuata vitenge vingine na bangili vilikuwa kizingitini. Kamikazi alivitupia kabatini.

Bibi Zayinabu hakumpigia kelele. Alimwambia tu kwamba safari hii yeye Kamikazi alikuwepo na alilisikia neno, kwa hiyo anaweza kumsemea yule mtu na kumrudisha, ila aende kabla hajamaliza kuvishwa. Kamikazi akajibu kwamba atakwenda hasira ikiisha.

Haikuisha. Aliilisha kila siku. Aliiendesha studio vizuri, akaandika jina lake mwenyewe chini ya kazi zake, na kila mapumziko ya darasa alimwigiza Régis, kifua mbele, kidevu juu, tunaomba mahari tu, na wanafunzi wakacheka mpaka Winifred akafuta machozi. Alimwigiza sokoni. Alimwigiza nyumbani akipika. Daphrose alicheka mwanzoni, baadaye akamwomba aache, maana neno lile linamtia baridi. Bibi Zayinabu naye alimsikia dirishani, akamwambia alichunge, kwamba ulimi unazoea kile unachokichezea. Kamikazi aliona wote wawili hawajui raha ya kulipa kisasi.

Hadi mchana mmoja, akiwafundisha wapya, aliisimamisha katuni pale katikati kama zamani. Mwanamume alikuwa hana tena shati jeupe. Alikuwa amevaa kanzu mpya yenye nakshi, iliyobakiza mkono mmoja tu kushonwa. Na hakuwa amegeuka. Alikuwa anatazama mbele moja kwa moja, machozi yamejaa, mdomo wazi, na ndani ya mdomo ulimi umeinuliwa nyuma ya meno ya juu, vilevile alivyofundishwa, ukijaribu.

Kamikazi aliwaambia wanafunzi waende nyumbani. Kilichokuwa kooni siku zote hizo kilishuka kwa ghafla, akaona aibu iliyompasua kifua, akachukua vitenge na bangili kabatini, akaingia chumba cha nyuma peke yake. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka, na hakukumbuka kuiwasha. Alivitandika vitu sakafuni na kutamka ya kwanza, na vitenge vikajikunja. Alitamka kwamba mtu huyu ni wetu, na nyuma ya mlango, ukumbini, mwanamume akakohoa. Akatamka na ya mwisho, kwa sauti ya juu, kwa moyo wote, akitazama kamera. Harufu ya udi ikapanda mpaka machozi yakamtoka.

Alimkuta Régis ameketi sakafuni ukumbini, amekonda, mvi zimemjaa. Alimletea maji, akamwomba msamaha, maneno yakimtoka bila mpangilio. Régis alikunywa polepole huku akimsikiliza kwa makini ya ajabu, kichwa upande, kama fundi anayesikiliza injini.

"Nimelala sana," alisema mwishowe. "Mahali pale wanajua kusema."

Kiswahili chake kilikuwa safi, kila herufi imekaa. Alimwangalia Kamikazi kwa muda kama mtu mwenye la kusema. Halafu akatabasamu, akanyamaza.

Kamikazi alifika Kicukiro jua bado halijazama, akijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu wahamie Biryogo. Daphrose alikuwa mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Miguuni pake, kizingitini, palikuwa na vitenge viwili vilivyokunjwa vizuri, na juu yake bangili.

"Kuna mtu ameviacha sasa hivi," alisema Daphrose. Uso wake ulikuwa umepauka. "Dada, umekwenda kule chumbani? Ulisema nini?"

Kamikazi aliinama kuvua viatu. Alisema amesema ilivyotakiwa, neno kwa neno, na Régis amerudi, yote yamekwisha. "Vitu vyenu hivi hapa. Mtu huyu ni wetu. Tunaomba mahari tu."

Daphrose aliweka kikombe chini.

"Sema tena," alinong'ona. "Hilo la mwisho. Polepole."

"Mahari," alisema Kamikazi, na hakuelewa kwa nini mdogo wake ameanza kulia. "Nimesema hivyo hivyo. Mahari."